Tunahesabu maiti, hatuandiki kwanini wamechaguliwa wao

Ukikaa Mbeya muda mrefu unazoea aina fulani ya taarifa ya polisi. Bibi wa miaka 70 na kitu amekutwa ameuawa kwa kukatwa na kitu chenye ncha kali, chanzo kinasadikiwa kuwa ni imani za kishirikina, upelelezi unaendelea. Basi, imeisha hiyo. Redio inahamia kwenye bei ya mbolea alafu matokeo ya mpira. Hayo maneno ya "imani za kishirikina" nayasikia tangu niko mdogo Tukuyu na kila nikiyasikia naona kuna kitu kinafichwa humo ndani, maana imani haishiki panga. Aliyeshika panga ni mtu, amepita nyumba za watu wengine usiku, hakugonga hata moja, akaenda kugonga kwa mjane mzee anayelala na wajukuu zake. Alimchagua. Na huko kuchagua ndo sheria zetu hazina pa kukuandika.

Nchi nyingine wana kitu wanaita uhalifu wa chuki. Ukitoa maneno yote ya wanasheria kinabaki na vipande viwili tu: kwanza kuwe na kosa ambalo tayari ni kosa, kupiga, kuua, kuchoma nyumba, kutishia, alafu pili, aliyetendewa awe amechaguliwa kwa sababu ya kundi lake, rangi yake, dini yake, kabila lake, ulemavu wake. Kipande cha kwanza sisi tunacho miaka yote. Kipande cha pili hatuna. Kanuni za Adhabu, Sura ya 16, kwenye kifungu cha 10 inasema wazi kwamba sababu iliyomsukuma mtu kutenda haina uzito kwenye kuamua kama ana hatia, mpaka sheria yenyewe iseme vinginevyo. Kisheria ina mantiki yake, hatutaki mtu aseme niliiba kwa sababu nzuri akaachiwa. Ila matokeo yake kwa yule bibi ni kwamba faili lake linafanana na la jamaa aliyechomwa kisu kwenye ugomvi wa pombe kule Mafiati, wakati ugomvi wa pombe unawahusu watu wawili na wakishazikana na kufungwa umekwisha, ila kifo cha bibi kinawalaza macho wajane wote wa kata nzima.

Sasa ukianza kuongelea hii ishu mtu anakujibu haraka kwamba huku kwetu hakuna chuki, hawa wauaji wanatafuta hela, wanatafuta utajiri, ni biashara tu ya waganga. Hilo jibu nataka nikae nalo kidogo kwa sababu ndo linatupoteza.

Wenyeji wa Mbozi na Mbeya wanakumbuka miaka ya mwisho ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, yale mauaji ya kuchuna ngozi. Watu waliuawa ngozi zao zikauzwa, na ikasemekana zinavushwa mpaka. Watoto tulikuwa tunakatazwa kutembea jioni. Ile ilikuwa biashara, kweli kabisa, na kwa wauaji mtu yeyote alitosha, mradi ana ngozi na yuko peke yake njiani. Alafu linganisha na mauaji ya watu wenye ualbino yaliyopamba moto kuanzia kama 2006, 2007, 2008, sana Kanda ya Ziwa lakini na huku hatukupona, Machi 2015 mtoto mdogo kule Sumbawanga Vijijini alivamiwa nyumbani kwao akakatwa kiganja. Nayo ni biashara, kuna mganga, kuna mnunuzi, kuna hela. Lakini hapo mtu yeyote hatoshi. Anatafutwa mmoja tu, kwa jinsi alivyozaliwa.

Kwa hiyo hela haiondoi hoja. Muuaji anaweza asiwe na hasira yoyote na yule mtoto, anaweza hata kuwa ndugu yake, na kesi za namna hiyo zipo ambapo mtu wa familia kashiriki, lakini mtoto amechaguliwa kwa sababu kuna kundi zima la binadamu ambalo jamii imelishusha thamani mpaka kiungo chao kikawa na bei. Watu wenye ualbino wanapita sokoni wanaitwa "dili". Yaani mtu anatembea na mkoba wake anaenda kununua nyanya, kijana wa bodaboda anasema dili hilo linapita, wenzake wanacheka. Ukishasikia hivyo huhitaji kupima moyo wa muuaji kama ulikuwa na chuki au hauna, maana dharau ilishafanya kazi kabla yeye hajazaliwa.

Mi naona kosa kubwa la huu mjadala ni kung'ang'ania hisia. Tunataka kuthibitisha mtu alichukia. Nani atathibitisha hilo? Mahakama haina mashine ya kuangalia moyoni. Kinachoweza kuthibitishwa ni kuchagua: alimfuata nani, aliacha nani, alisema nini wakati anapiga, alimtafuta kwa jina au kwa aina yake, na baada ya tukio nani wengine wamehama kwa woga. Hivyo vyote ni ushahidi wa kawaida ambao hata mgambo anaweza kuuandika.

Hata hivyo kipimo hiki hakikati kila mahali. Mwishoni mwa 2018 na mwanzoni mwa 2019 Njombe ililia kwa watoto wake, watoto wadogo kabisa walichukuliwa wakakutwa wameuawa, wengine viungo vimeondolewa, na mkoa mzima wazazi wakawa wanawasindikiza watoto shule. Wale watoto walichaguliwa, hilo halina ubishi. Lakini walichaguliwa kwa sababu ni kundi linalodharauliwa au kwa sababu ni wepesi kubebwa? Nimeliwaza sana hili na mwisho nimeona ni udhaifu wao uliowindwa, sio utambulisho wao, kwa hiyo mimi nisingewaweka kwenye fungu hili, ingawa uovu ni ule ule na mzazi wa Njombe hana faida yoyote na mgawanyo wangu. Vivyo hivyo Oktoba 2016 kule Iringa Mvumi, Dodoma, watafiti wa udongo waliotoka kituo cha Selian Arusha waliuawa pamoja na dereva wao na kuchomwa moto na wanakijiji walioambiwa ni wanyonya damu. Pale kulikuwa na hofu, uvumi na kundi la watu lisilo na breki. Ugeni wao uliwaponza, lakini "mgeni" ni kundi pana mno, ukiliingiza na hilo kila mauaji ya wananchi wenye hasira kali yatakuwa humo na fungu lenyewe litakosa maana.

Ugumu wa pili ni orodha. Nani aingie nani aachwe. Uingereza polisi wanafuatilia mambo matano: rangi na asili, dini, ulemavu, mwelekeo wa kimapenzi na utambulisho wa kijinsia. Marekani, sheria ya mwaka 2009 iliyopewa majina ya Matthew Shepard na James Byrd, wote wawili waliouawa kwa chuki 1998, ilitanua orodha ya serikali kuu ikaweka jinsia, ulemavu na mengine juu ya rangi, dini na asili ya taifa. Sasa soma hizo orodha mbili ukiwa umekaa Vwawa au Makete. Umri haumo. Bibi wa miaka 75 anayeitwa mchawi kwa sababu macho yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka 60 hana mahali kwenye orodha ya London, na kwenye ya Washington angeingia kwa mlango wa jinsia tu, uzee wake ambao ndo umemponza hausomeki.

Ndio maana nawaambia wanaharakati wenzangu wasije na sheria ya kunakili. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kiliripoti kwamba mwaka 2013 peke yake zaidi ya watu 700 waliuawa kwa tuhuma za uchawi nchini, wengi wao wanawake. Hilo ndo kundi letu kubwa. Katiba yetu ya 1977, Ibara ya 13, inapoeleza ubaguzi inataja utaifa, kabila, mahali mtu alipotokea, maoni ya kisiasa, rangi, dini, jinsia au hali ya maisha. Nayo haijasema umri, haijasema ulemavu kwa jina, lakini "hali ya maisha" ni mlango mpana, jaji mwenye nia anaweza kumpitisha bibi humo. Mimi ningeandika orodha ya kwetu hivi: ualbino na ulemavu mwingine, mwanamke mzee anayetuhumiwa uchawi, kabila, dini. Nakubali orodha hii itamkosa mtu. Orodha yoyote inamkosa mtu.

Kabila nimeliweka makusudi. Tunapenda kusema Tanzania hatuna ukabila na kwa sehemu kubwa ni kweli, ni kitu cha kujivunia, lakini nenda Mbarali. Bonde la Usangu lina mpunga, lina mifugo, lina maji ambayo kila mtu anayataka, na mwaka 2006 kuendelea wafugaji wengi waliondolewa kule kwa oparesheni wakapelekwa mikoa ya kusini. Wasangu na wakulima wengine upande huu, Wasukuma na Wamasai na Wamang'ati upande ule. Ng'ombe wakiingia shambani wakala mpunga na mwenye shamba akapigana na mwenye ng'ombe, huo ni ugomvi wa mali, ushughulikiwe hivyo hivyo. Lakini chukua siku ya pili yake, vijana wakutane na Msukuma mwingine kabisa anatoka gulioni Ubaruku na baiskeli yake, hana ng'ombe hata mmoja, wampige kwa sababu tu ni Msukuma. Au mfugaji alipe kisasi kwa mkulima ambaye hakuwepo. Hapo katikati kuna mstari umevukwa na watu wa kule wanaujua vizuri kuliko mwanasheria yeyote, ila kituoni yote yanaandikwa "mgogoro wa wakulima na wafugaji". Desemba 2000 kule Rudewa Mbuyuni, Kilosa, watu 38 waliuawa, wengi wanawake na watoto. Mwanamke na mtoto wa upande wa wakulima wamegombana na mfugaji gani?

Sasa tuje kwenye kitu kinachoniuma zaidi. Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, tumeirithi kwa mkoloni, ni ya 1928. Ina sehemu nzuri, inamfanya mtu anayemtaja mwenzake kuwa ni mchawi awe mkosaji. Lakini sheria hiyo hiyo inampa mkuu wa wilaya uwezo wa kumwamuru mtu anayeshukiwa uchawi akaishi sehemu nyingine. Yaani anayetuhumiwa ndo anahamishwa! Tuseme nia yake ilikuwa kutuliza kijiji, sawa, lakini ujumbe unaopokelewa na kijiji ni kwamba tuhuma ilikuwa na ukweli na serikali imekubali. Na wale lambalamba, ambao Songwe na Njombe wanajulikana vizuri, wanaitwa na wanakijiji wenyewe, watu wanachangishana hela, wanakuja kuonyesha nani mchawi, nani kafukia nini, mbele ya mkutano wa hadhara. Viongozi wengine wa kijiji wanakuwepo wamekaa. Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli chonganishi Januari 2015, wakakamatwa wengi, lakini mimi sijaona yule anayeita lambalamba, anayekusanya michango, akiulizwa kitu pale bibi aliyeonyeshwa kidole anapokufa miezi miwili baadae.

Uzuri ni kwamba mahakama zetu hazijalala kabisa kwenye hili. Tangu 1951 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilishasema kuogopa kurogwa peke yake sio hasira ya ghafla inayoweza kushusha kosa la kuua kwa kukusudia. Hata hivyo utetezi wa "alikuwa ananiroga" bado unaletwa, na kijiji kizima kinamwonea huruma mtuhumiwa, mashahidi wanapotea, kesi inakufa kwa kukosa ushahidi. Hapo sheria mpya haisaidii kitu kama hakuna wa kusimama kizimbani kusema nilimuona.

Alafu kuna adhabu. Watu wanafikiri suluhisho ni kuongeza adhabu, ndivyo nchi nyingi wanavyofanya, hakimu akiona kosa limesukumwa na ubaguzi anaongeza kifungo. Uingereza walianza hivyo na sheria ya 1998, na mahakama kuu kabisa ya Marekani ilikubali mwaka 1993 kwamba kuongeza adhabu kwa aliyemchagua mhanga wake kwa rangi hakuvunji uhuru wa mawazo, kwa sababu kinachoadhibiwa ni kitendo. Ila sisi kuua kwa kukusudia adhabu yake tayari ni kunyongwa, hakuna juu ya hapo. Na hunyongwi, kwa sababu tangu katikati ya miaka ya 1990 hukumu hizo hazijatekelezwa. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ikiwa Kahama iliwahukumu watu watatu kifo kwa kumuua kijana mwenye ualbino wa miaka 14, ikawa habari dunia nzima, lakini mashambulizi hayakukoma.

Kwa hiyo kwenye mauaji, kuongeza adhabu ni kelele tu. Pa kuongeza ni chini. Mtu aliyefukua kaburi la mwenye ualbino. Vijana waliorusha mawe juu ya bati la bibi wiki nzima wakimwambia ahame. Aliyeandika karatasi ya vitisho akaibandika mlangoni. Aliyemwita mtoto wa shule "dili" akamfuata mpaka njia ya peke yake. Haya yote leo ni makosa madogo, yanamalizwa kwa mtendaji kwa faini ya kuku na kuombana msamaha, na ndo hatua zinazotangulia panga. Kabla bibi hajauawa kuna miezi ya matukio madogo ambayo kila jirani aliyaona. Uzito uwekwe hapo, wakati bado yuko hai.

Kuna watu wananiambia ukianzisha sheria ya chuki serikali itaitumia kufunga midomo. Hofu yao naiheshimu na sitaki kuipuuza. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ina vifungu vya 17 na 18 vinavyokataza maneno ya ubaguzi wa rangi na chuki kwa wageni, lakini sheria hiyo imejulikana zaidi kwa watu kukamatwa kwa kuwasema viongozi. Kenya baada ya machafuko ya 2007 na 2008 yaliyoua zaidi ya watu 1,100 walitunga sheria ya utangamano mwaka 2008, kifungu cha 13 kinakataza maneno ya chuki ya kikabila, faini mpaka shilingi milioni moja au jela miaka mitatu au vyote, wanasiasa wakawa wanapelekwa mahakamani kila uchaguzi na waliotiwa hatiani ni wachache mno. Upande wa pili kuna Rwanda, na kesi yake ilisikilizwa hapa hapa Arusha, Desemba 2003 mahakama ya kimataifa iliwatia hatiani watu wa redio ya RTLM na gazeti la Kangura kwa sababu maneno yao yalichochea mauaji ya 1994. Maneno yanaua, Arusha ilithibitisha. Ila mimi natofautisha kati ya anayesema na anayetenda, na kwa sasa ningependa tuanze na anayetenda, maana hapo hakuna mwanasiasa atakayeitumia sheria kumkamata mkosoaji. Kama mtu hajapiga, hajatishia, hajachoma, hajafukua, sheria hii isimguse.

Na tunaweza kuanza hata kabla ya bunge kukaa. Marekani walianza na sheria ya takwimu mwaka 1990, kuhesabu tu. Hesabu yao ina matatizo makubwa, FBI inapokea matukio elfu kadhaa kwa mwaka wakati utafiti wa kuwauliza wahanga wenyewe unakadiria kama 250,000, na vituo vingi vinaripoti sifuri mwaka mzima. Lakini angalau pengo linaonekana, unaweza kumuuliza mkuu wa kituo kwanini wewe ni sifuri. Sisi hata sifuri hatuna. Uingereza baada ya Stephen Lawrence, kijana mweusi aliyeuawa kituo cha basi London Aprili 1993 na polisi wakavuruga upelelezi, ripoti ya 1999 iliwataka polisi waandike tukio kuwa la kibaguzi kama mhanga au mtu yeyote ameliona hivyo, alafu ukweli utafutwe baadae. Hilo naliona linafaa Mbeya kabisa. Wakati wa kufungua RB, yaani kuandikisha tukio kituoni, askari aulize swali moja la ziada: wewe au familia yako mnadhani amechaguliwa kwa sababu gani? Aandike jibu kama lilivyo. Dawati la jinsia na watoto lipo, karatasi ipo, hakuna bajeti hapo.

Na swali la pili kwa kesi za vikongwe, ambalo naomba wapelelezi wa Mbeya, Songwe, Rukwa na Njombe walichukue kwa uzito: shamba lake sasa hivi linalimwa na nani? Kwenye kesi nyingi tunazozijua mitaani nyuma ya neno mchawi kuna ekari moja na nusu ya mjane, kuna shemeji, kuna mtoto wa kaka anayetaka kujenga. Uchawi ni maneno ya kuwaita majirani wakae pembeni wasiingilie. Polisi wanakuja wiki ya kwanza, wanahoji, wanaondoka, wakati jibu linaonekana Novemba mvua zikianza watu wakiingia kupanda mahindi. Mtendaji wa kijiji anajua kila shamba na mwenye nalo. Apewe kazi hiyo rasmi, arudishe taarifa kwa OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, kwa maandishi, na ile taarifa iingie kwenye faili la bibi pamoja na jina la aliyeanza kumuita mchawi na majina ya waliochanga hela ya lambalamba.